Si lazima uje, lazima usije

Novemba 2009, nikiwa sina hata miezi miwili Leipzig, Ujerumani, nilifukuzwa ofisini. Ndivyo nilivyoamini kwa siku tatu. Nilikuwa nimepeleka karatasi za kuongeza muda wa kuishi nchini. Nikachukua namba kwenye mashine ya mlangoni, nikakaa kwenye benchi la korido, bahasha mapajani, mgongo umenyooka kama mtoto anayesubiri kuitwa na mwalimu mkuu. Saa nzima. Akatoka mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, akazipitia karatasi zangu akiwa amesimama, akanirudishia moja, nyingine akabaki nazo, kisha akasema taratibu: "Sie müssen hier nicht warten."

Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea mkate. Lakini Kiingereza nilikuwa nacho tangu shule ya msingi, na nilikuwa nimeshagundua kwamba ukikwama kwenye Kijerumani, Kiingereza kinakusukuma kidogo. "Müssen" si ndiyo "must"? "Nicht" si ndiyo "not"? Basi imekwisha: "You must not wait here." Usisubiri hapa. Nikasema asante, nikavaa koti, nikatoka kwenye mvua ile ya Novemba ambayo hainyeshi sawasawa wala haikatiki, nikapanda tramu, nikalia mpaka kituo cha hosteli.

Jioni nikampigia mama Tanga kwa kadi ya simu ya yuro tano. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Kwani ulimuuliza kosa lako nini?"

"Sikumuuliza, mama. Mtu kashaniambia nisikae."

"Si ungeuliza, mwanangu."

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa hosteli, dada wa Kameruni aliyekuwa na miaka minne pale. Nilipomtamkia ile sentensi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Yule mama hakunifukuza. Alikuwa ananiambia si lazima nisubiri pale kwenye benchi gumu. Karatasi zitachukua muda, nenda kanywe kahawa, urudi. Nilihurumiwa, nikaelewa nimefukuzwa.

Naanza na aibu yangu makusudi, maana mengi nitakayosimulia ni ya wanafunzi wangu, na sitaki mtu adhani nawacheka nikiwa juu ya ukuta.

Miaka sita baadaye nilikuwa nasimama mbele ya darasa la jioni, palepale Leipzig, nikiwafundisha Wajerumani Kiingereza. Kaka yangu wa Dar aliposikia aliniuliza: "Yaani umekwenda Ulaya kuwafundisha Wazungu Kizungu?" Ndivyo. Karibu kila mji wa Ujerumani una shule ya watu wazima, wanaiita Volkshochschule, ambako kwa ada nafuu mtu anajifunza kushona, kupika, yoga, kompyuta, lugha. Walihitaji mwalimu wa jioni, mimi nilihitaji kulipa kodi ya nyumba. Na ukitazama vizuri, "shule" ni neno tulilolipata kwao enzi za ukoloni, na "hela" tuliitoa kwenye Heller, sarafu waliyoiingiza Afrika Mashariki mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Kwa hiyo nilipolipwa hela za shule nilijiona kama ninayerudishiwa chenji.

Darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja, wengi wao wamepita miaka hamsini na mitano. Umri huo Leipzig una maana yake. Mji ulikuwa ndani ya DDR, Ujerumani ya Mashariki, mpaka mwaka 1990, na lugha ya kigeni ya lazima shuleni kuanzia darasa la tano ilikuwa Kirusi. Hawa watu wangeweza kukuimbia wimbo wa Kirusi beti zote. Kiingereza walikianza ukubwani, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, kwa ajili ya kazi au wajukuu.

Alikuwepo mama mwenye duka la mikate. Alikuwepo fundi umeme mstaafu aliyekuwa akiandika sheria zote kwenye daftari la miraba kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Alikuwepo dada wa kampuni ya kujenga vibanda vya maonyesho, maana Leipzig ni mji wa maonyesho ya biashara tangu zama za mababu. Na alikuwepo mzee mmoja, dereva wa tramu mstaafu, mrefu, mkimya, ambaye penseli yake aliichonga kwa kisu cha mfukoni kabla kila kipindi hakijaanza, na vumbi la mbao akalikusanya kwenye karatasi akalimwaga kwenye pipa. Siku ya kwanza kila mtu alieleza kwa nini amekuja. Mzee alisema amekuja kwa sababu ya wakwe wa bintiye. Binti ameolewa na Mwingereza, wanaishi hapohapo Leipzig, na wazazi wa mume huja kutoka Uingereza mara mojamoja. "Ni watu wazuri," alisema kwa Kijerumani, "ila baridi." Hakuongeza.

Nilidhani kazi yangu ngumu itakuwa matamshi. Kumbe ilikuwa vile vitenzi vidogo vya kuweza, kutakiwa na kuruhusiwa: can, must, may, will, shall, na vivuli vyao could, might, would, should. Wajerumani wana vyao, wanaviita Modalverben: können, müssen, mögen, wollen, sollen, na dürfen. Can na können ni ndugu. Must na müssen ni ndugu. Will na wollen, shall na sollen, may na mögen, wote wa ukoo mmoja. Mswahili anapojifunza Kiingereza anajua fika kwamba yuko ugenini, kwa hiyo anatazama anapokanyaga. Mjerumani anaona nyuso za nyumbani kila kona, anasalimia tu na kupita.

Mama mwenye duka la mikate alikuwa na safari ya Cornwall, Uingereza. Tukafanya zoezi la kupiga simu hotelini, mimi nikiwa mpokezi.

"Good evening," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea foleni ya asubuhi. "I will a room with breakfast."

Kwao "ich will" ni nataka. Nikamwambia Mwingereza atakaa na simu sikioni akisubiri kitenzi: utakifanya nini hicho chumba? Utakipaka rangi? Akacheka, lakini akataka kujua kwa nini. Hapo ndipo nilipompa habari ninayoipenda. Zamani "will" ya Waingereza nayo ilikuwa kutaka. Ndiyo maana mpaka leo wasia wanauita "will", matakwa ya marehemu. Baadaye kutaka kukachakaa, kukageuka alama ya wakati ujao. Na kwetu ni hivyohivyo: wanaochunguza Kiswahili wanasema ile -ta- ya "nitakuja" ni mabaki ya "taka". Mpaka leo wingu likijikusanya juu ya bahari ya Tanga tunasema mvua inataka kunyesha, utadhani mvua ina nia. Darasa zima likanyamaza likimfikiria mtu wa Tanga na mvua yake yenye nia.

Kisha nikamuuliza: mteja akiingia dukani kwako akasema "ich will Brötchen", unamwonaje?

"Ama ni mtoto mdogo," akajibu, "ama amelewa."

Basi hotelini nako ni vivyo hivyo. Wao dukani husema "ich möchte", Mwingereza husema "I'd like", sisi Tanga tunasema "naomba", hata kama hela tunayo mkononi na hakuna tunachoomba. Rafiki zangu wa Nairobi husema "nataka", na wakifika Tanga muuza duka huwatazama mara mbili.

Fundi umeme alikuwa na shida ya namna nyingine. Kijerumani kinavinyambua vitenzi hivi kama vingine vyote: ich kann, du kannst, wir können, ich habe gekonnt, ich werde können. Kwa hiyo aliniletea daftarini "he cans", "to must", "I have musted", na "tomorrow I will can". Sikuweza kumlaumu, maana hata Kiswahili kinasema nitaweza, nimeweza, kuweza, bila ugomvi. Vya Kiingereza ndivyo pungufu. Can haina wakati ujao, must haina wakati uliopita, na zote hazichukui ile "s" ya nafsi ya tatu. Ukitaka kuzungumzia jana au kesho unaazima: had to, will be able to, was allowed to. Akafikiri, akasema: "Yaani ni kifaa ambacho plagi yake haiingii ukutani, unatafuta adapta." Akaandika neno adapta kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini. Kwa kuwa alishawahi kwenda Uingereza na mashine yake ya kunyolea, hakurudia kosa hilo tena.

Lakini yeye huyohuyo wiki iliyofuata alisimama akatusimulia kwa fahari: "Yesterday I could repair the heating of my neighbour." Mjerumani anasikia "konnte", yaani aliweza na akafanya. Mwingereza anasikia kitu kinachoning'inia: ungeweza kuitengeneza, sasa uliitengeneza au hukuitengeneza? Kwa uwezo wa jumla, could inatosha. Utotoni nilikuwa naweza kuogelea, "I could swim". Kwa tendo moja lililofanikiwa siku moja, wanapenda "managed to" au "was able to". Cha kuudhi ni kwamba ukikanusha tofauti inapotea. "I couldn't repair it" haina shida yoyote. Nililieleza hilo mara nne, nadhani, na mara ya nne nikasahau mwenyewe nilikuwa naelekea wapi.

Kuna jioni mmoja wetu hakuja, na jirani yake wa dawati akamtetea kwa Kiingereza chake chote: "He should be sick today." Alitaka kusema "er soll krank sein", inasemekana anaumwa, ndivyo nilivyosikia. Alichosema ni kwamba inafaa mwenzetu aumwe leo. Kijerumani kina uzuri huo wa kuitumia sollen kwa habari ya kusikia, kama sisi tunavyotupia "ati": ati anaumwa. Ati ni neno dogo lenye kazi kubwa, na sijapata ndugu yake kwenye Kiingereza mpaka leo.

Yule dada wa vibanda vya maonyesho yeye alikuja na barua pepe aliyoichapa. Mteja wake wa London alikuwa amemwandikia: "You might want to have another look at the figures." Dada akasoma: huenda ukapenda kuzitazama tena hizo hesabu. Akapima moyo wake, akaona hapendi, akaendelea na mambo mengine. Wiki mbili baadaye mteja akaandika tena, safari hii barua fupi, bila "dear".

"Kwa nini hakusema 'you must check the figures'?" akaniuliza. Alikuwa amekasirika kweli. "Kama kuna kosa, aseme kuna kosa!"

Hapa nakiri nilijisikia nyumbani kuliko wakati wowote Ulaya. Mimi nimelelewa na watu ambao mgeni akisimama mlangoni humuuliza, "Hujachoka kusimama?" na maana yake ni kaa. Sisi tukitaka jambo la sasa hivi tunalirudisha nyuma: "Nilikuwa naomba kukuuliza." Nilikuwa, wakati naomba sasa hivi, nimesimama mbele yako. Waingereza ni hivyohivyo, could na would na might ni sura za wakati uliopita wanazozitumia kwa leo ili neno lisimgonge mtu usoni. Nikamwambia: mtu wa London akikwambia "you might want to", elewa kwamba ametoa amri na ameifunga kwenye khanga. Na wewe ukimwandikia "you must send the plans until Friday", yeye anaona khanga imechanika. Tena hapo hiyo "until" nayo ingesema "by", lakini tuliiacha kwa siku nyingine.

Sasa must yenyewe.

Nilikuwa nimeisogeza mbele makusudi, kwa sababu ile ya benchi na mvua. Ilipofika zamu yake niliandika ubaoni sentensi mbili. "You must not come." Na chini yake, "You don't have to come." Nikawaomba waziandike kwa Kijerumani. Nikapita kati ya madawati. Watu kumi na mmoja, madaftari kumi na moja, na kwenye sentensi ya kwanza wote wameandika "Du musst nicht kommen". Kwenye ya pili wengi wameandika hivyohivyo tena, halafu wamekwama, wanatazamana.

Ningeweza kuwaambia tu kwamba "must not" ni "darf nicht", huruhusiwi, wakariri. Vitabu vyote vinasema hivyo na kila mwanafunzi Mjerumani ameshalisoma mara tatu na kulisahau mara tatu. Sijui nini kilinisukuma, nikafuta pembe ya ubao nikaandika kwa Kiswahili:

Lazima usije.
Si lazima uje.

Nikazungushia duara ile "si" ya sentensi ya pili, na lile "usi" la sentensi ya kwanza. Nikawaeleza neno kwa neno. Lazima ni sharti. Uje, njoo wewe. Sasa tazameni kukanusha kumekaa wapi. Kwenye "si lazima uje" kumekaa kwenye sharti: sharti hakuna, kuja ni hiari yako. Kwenye "lazima usije" sharti lipo, limesimama palepale kama askari, na kilichokanushwa ni kuja. Ni kweli kwamba kwetu mtu hasemi sana "lazima usije", anasema "usije" basi, kama Amri Kumi zinavyosema "Usiue" kwa neno moja wakati Luther, alipoitafsiri Biblia kwa Kijerumani, alihitaji "Du sollst nicht töten". Lakini kwa ubao ilifaa. Kwa Kijerumani "musst nicht", hiyo nicht inalivunja sharti. Kwa Kiingereza "must not", hiyo not inaliruka sharti na kwenda kuvunja tendo. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kukanusha kunaangukia pengine.

Walielewa. Nilifurahi kwa sababu walielewa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaijua, na nimeshalifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Kiswahili hakikuwa na sura wanayoifahamu, basi hakikuwadanganya.

Nikawapa na njia ya mkato. Kabla hujafungua mdomo kusema "nicht müssen" kwa Kiingereza, ipitishe kwanza kwenye "nicht brauchen", huhitaji. "Du brauchst nicht zu kommen." Ukiifikisha hapo, Kiingereza kinakuja chenyewe: "You needn't come", "You don't need to come". Nilipotamka "brauchst" fundi umeme akakariri papo hapo, na wengine wakamfuata kama kwaya, kibwagizo walichofundishwa shuleni: "Wer brauchen ohne zu gebraucht, braucht brauchen gar nicht zu gebrauchen." Anayeitumia brauchen bila zu, hana haja ya kuitumia brauchen kabisa. Na "needn't" ina tabia inayonikumbusha "budi" yetu. Husikii mtu akisema ana budi. Budi inaishi kwenye kukanusha tu, sina budi, hatuna budi. "Need" ile ya bila "to" nayo hivyohivyo, huikuti ila kwenye "needn't" au kwenye swali.

Nilikuwa katikati ya budi nilipoona mzee wa tramu ameiweka penseli mezani.

"Mwalimu," akasema. "Ukimwambia mtu 'You must not come to the ceremony'."

"Ni kumwambia asije."

"Asije kama hataki?"

"Asije kabisa. Ni kumkataza."

Akatikisa kichwa taratibu, akaitazama penseli. Wakati wa mapumziko, wengine wakiwa kwenye mashine ya kahawa, alinisimulia.

Mjukuu wake alifikisha miaka kumi na minne, na ikawa siku ya Jugendweihe yake. Hiyo ni sherehe ya kumwingiza kijana kwenye utu uzima, bila kanisa wala padri. Ilienea sana enzi za DDR na upande ule wa Ujerumani bado wanaifanya. Kuna ukumbi, muziki, hotuba, ua na kitabu kwa kila kijana, kisha familia inakwenda kula. Wakwe wa bintiye walikuja kwa ndege kutoka Uingereza. Usiku wa kuamkia sherehe walikula pamoja, na binti na mumewe waliondoka mapema kwenda kumalizia maandalizi. Wakabaki wazee watatu na Kiingereza kimoja na nusu. Yeye akawaonea huruma. Saa nzima na nusu ya hotuba za Kijerumani, viti vya ukumbini, na baba mkwe ana mgongo. Akataka kuwaambia wasijilazimishe, wapumzike hotelini, waje tu mchana kwenye chakula. Alikuwa ameiandaa sentensi kabisa, akatafuta neno moja kwenye kamusi ndogo ya mfukoni. Neno alilolitafuta lilikuwa "ceremony". "Must" hakuitafuta. "Must" aliijua.

"You must not come to the ceremony," aliwaambia, akitabasamu. "It is only for the family long and boring."

Nikamwomba airudie hiyo ya mwisho. Akairudia. Alimaanisha ni ndefu na ya kuchosha kwa familia nzima.

Mama mkwe aliiweka chini glasi yake akasema, "Of course. We quite understand." Mzee akaona, watu waungwana hawa, wameelewa haraka. Kesho yake hawakuja ukumbini. Na mchana kwenye chakula hawakuja pia. Walituma ujumbe kwamba mgongo unasumbua. Mzee alikaa mwaka mzima akijiambia kwamba wamevuka bahari kwa ajili ya mjukuu, kisha wakashindwa kusogea hata mitaa sita. Watu baridi. Binti aliwauliza, wakajibu hawakupenda kusumbua. Na Mwingereza akishasema hakupenda kusumbua, umwulize nini tena?

Nilimwambia habari ya benchi langu. Nadhani ilimsaidia kidogo, kwa namna ambayo msiba wa mwenzako unavyosaidia.

Wiki ile nilikwenda Albertina, maktaba ya chuo kikuu iliyopo Beethovenstraße, nikafungua kamusi za asili ya maneno, zile nene. Nikakuta kwamba babu wa "must" katika Kiingereza cha kale, "motan", alikuwa na maana ya kuruhusiwa, kuwa na nafasi ya kufanya jambo. Na babu wa "müssen" vivyo hivyo. Sharti lilikuja baadaye kwa wote wawili. Ukilijua hilo, "you must not" ya kukataza haishangazi: huruhusiwi. Ni kama Kiingereza kilihama nyumba ya zamani kikasahau chumba kimoja nyuma. Na dürfen, ambayo leo ni kuruhusiwa, zamani ilikuwa kuhitaji, bado inaonekana ndani ya "bedürfen". Yaani walibadilishana viti gizani. Nilimpigia mama Tanga kumweleza na alinisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, akauliza kama nimekula.

Kipindi kilichofuata mzee alikuja dakika ishirini mapema. Alikuwa ameandika barua, kwa mkono, kwa wakwe wa bintiye. Hakutaka binti aione kabla. Alitaka niipitie mimi. Ukurasa mmoja na robo. Alikuwa ameeleza kosa lake lote, na must na müssen, hadi mfano wa ubaoni, na kati ya mistari alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, akikosea silabi moja tu, SI LASIMA. Sikuligusa hilo.

Nilirekebisha vihusishi, nikahamisha vitenzi viwili vilivyokuwa vimekimbilia mwisho wa sentensi kama wafanyavyo Wajerumani. Nikafika kwenye mstari wa mwisho. Ulikuwa unasema: "You must by us at Christmas come." Chini ya "must" alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, akaifuta, akaiweka tena, karatasi ilikuwa imeota manyoya pale.

"Hili nalo ni amri," akasema. "Sivyo? Nimetafuta jingine. May? Nikaandika 'you may come', lakini umesema hiyo ni kama natoa ruhusa. Might?"

Nikamweleza kwamba Mwingereza akimpenda mtu, akitaka kweli aje nyumbani kwake, ndivyo anavyomwambia: you must come. You must come and stay with us. Ni sharti, lakini ni sharti la yule anayekushika mkono mlangoni akikwambia huondoki bila kula.

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayeuziwa kitu.

"Must?"

"Must."

Nikairudisha "come" mahali pake, nikabadili "by us" ikawa "to us", nikamrudishia barua. Akatoa kifutio, akaisugua ile alama ya kuuliza mpaka ikaisha, akapuliza vumbi la kifutio kwenye kiganja, akaenda kulimwaga kwenye pipa.